Kanda za siri za Nixon, 1972: mpango wa ngwe ya pili ndio uliomwangusha, si Watergate

#1 Mtunza Jalada

Wakuu, habari za jioni. Kwa muda sasa nimekuwa nikisikiliza kanda ambazo Rais Richard Nixon wa Marekani alirekodi kwa siri mazungumzo yake mwenyewe ya kazi, hasa zile za kuanzia Septemba 1972 hadi Februari 1973, kipindi alichokuwa akijiandaa kwa ngwe ya pili na kuianza. Watu wengi wakisikia habari za kanda hizo hukimbilia ile ya tarehe 23 Juni 1972, ambamo Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu, alimpelekea wazo kwamba CIA itumike kuizuia FBI isiendelee kuchunguza uvamizi wa ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, naye akalikubali. Kwa maoni yangu, kanda hiyo ilimzika mtu aliyekuwa amekwisha kufa kisiasa. Hoja yangu ni kwamba kilichomwangusha Nixon ni mpango wake wa ngwe ya pili, nao unasikika ukisukwa mwezi baada ya mwezi.

Tarehe 15 Septemba 1972, siku ambayo watu saba wa Watergate walifunguliwa mashtaka, Nixon alikaa na Haldeman pamoja na mwanasheria wa Ikulu, John Dean. Anasikika akieleza kwamba katika miaka minne ya kwanza hawakuitumia FBI wala Wizara ya Sheria dhidi ya wabaya wao, na kwamba sasa mambo yatabadilika. Anataka kumbukumbu kamili za kila aliyejaribu kuwaumiza. Analitaja gazeti la Washington Post, na anakumbusha kwamba wenye gazeti hilo wanamiliki pia televisheni ambayo leseni yake lazima ihuishwe.

Tarehe 7 Novemba alishinda majimbo 49 kati ya 50. Asubuhi iliyofuata aliwaita mawaziri, akawasimulia jinsi Disraeli, mwanasiasa wa Uingereza wa karne ya 19, alivyowaita mawaziri wa serikali iliyochoka volkano zilizozimika, akatoka nje, na Haldeman akabaki kuwaambia kwamba kila mmoja aandike barua ya kujiuzulu. Wiki zilizofuata alizitumia zaidi Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani, akipanga nani abaki na nani aende.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Je, mnaikubali hoja hiyo? Na kwa nini mtu mwerevu kiasi kile apange mambo kama haya huku mashine aliyoiagiza yeye mwenyewe inazunguka?

#2 Mpita Njia

Nimeshusha mkeka hapa. Endeleeni, nasoma.

#3 Wakili Msomi

Asante kwa uzi, Mtunza Jalada, ila hoja yako ya kwanza siikubali. Kuwaomba mawaziri wajiuzulu baada ya uchaguzi si kosa la jinai, hata kama ni utovu wa adabu. Kuwachukia waandishi wa habari si kosa la jinai pia. Kosa lilikuwa kuzuia haki kutendeka, na ushahidi wake ulikuwa kanda ya 23 Juni unayoipuuza. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 24 Julai 1974, kwa kura 8 bila hata moja ya kupinga, kwamba azikabidhi kanda alizodaiwa. Kanda ya 23 Juni ilitolewa hadharani tarehe 5 Agosti, na tarehe 9 Agosti Nixon hakuwa rais tena. Siku nne tu. Ukitaka kuniambia kwamba sababu ni Camp David, nionyeshe mbunge hata mmoja aliyebadilisha msimamo wake wiki ile kwa sababu ya mageuzi ya baraza la mawaziri.

#4 Kijana wa Lumumba

Wakuu, mimi swali langu ni dogo. Kama alikuwa na kitufe cha kuwashia mashine, kwa nini hakukizima alipofika kwenye maneno ya hatari? Ninavyoona, alikuwa amelewa ushindi. Mtu aliyeshinda majimbo 49 hudhani hata mashine ni mpiga kura wake. Baada ya yote hayo Baraza la Wawakilishi likapiga kura ya kumshtaki, na akatoka kwa aibu.

#5 Fundi Kanda

Kijana wa Lumumba, naomba nikurekebishe mara mbili kwa heshima. Kwanza, Baraza la Wawakilishi lote halikuwahi kupiga kura ile. Kamati ya Sheria ya Baraza hilo ndiyo iliyopitisha vifungu vitatu vya mashtaka mwishoni mwa Julai 1974, na Nixon akajiuzulu kabla havijafika mbele ya wabunge wote. Pili, na hapa ndipo ilipo fani yangu, ofisini kwake hakukuwa na kitufe cha kubonyeza.

Mitambo ile ilifungwa na mafundi wa walinzi wa rais Februari 1971 katika Ofisi ya Duara, yaani ofisi kuu ya rais Ikulu, na chumba cha baraza la mawaziri. Miezi michache baadaye iliongezwa katika ofisi yake ya pili, iliyokuwa kwenye jengo la jirani, na kwenye simu, na mwaka 1972 Camp David nako kukafungwa. Chumba cha mawaziri tu ndicho kilichotegemea mtu kuwasha na kuzima. Kwingine mashine ilijiwasha kwa sauti. Maikrofoni tano zilifichwa ndani ya meza yake, nyingine mbili zikawa karibu na mahali pa kuotea moto, na vinasa sauti vilikuwa vya Sony aina ya TC-800B. Haldeman alieleza baadaye kwamba waliamua hivyo kwa sababu bosi wake hakuwa na mkono mwepesi wa mashine, na angesahau kubonyeza chochote.

Nimefanya kazi na kanda za reli, yaani za magurudumu, studioni kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niongeze jambo ambalo wengi hulisahau. Kanda zile zilikuwa nyembamba mno, tena ziliendeshwa polepole sana, chini ya sentimita mbili na nusu kwa sekunde, ili reli moja idumu saa nyingi bila kubadilishwa. Matokeo yake ni sauti mbovu. Mtu akiweka kikombe mezani, kishindo kinafunika sentensi nzima. Mazungumzo ya simu yanasikika vizuri, lakini yale ya ofisi ya pili ni mateso matupu. Ndiyo maana watu wawili wenye masikio mazima huandika maneno tofauti kutoka kanda moja. Mtunza Jalada, ulisikiliza mwenyewe, au ulisoma maandishi ya mtu mwingine?

#6 Mtunza Jalada

Nilisikiliza huku nikifuata maandishi, Fundi. Bila maandishi ningeambulia robo.

#7 Bi Mkubwa wa Tanga

Wanangu, nilikuwa katibu muhtasi serikalini mpaka nilipostaafu, na nimewahudumia wakubwa kadhaa ambao sitawataja. Kuna aina ya mkubwa ambaye hamwamini mtu yeyote kuandika alichosema. Mmoja wao alinitaka niketi nyuma ya pazia la mlango wa ofisi yake na kuandika hati mkato wakati wageni wakizungumza, na wageni hao hawakujua. Hakufanya hivyo kwa sababu alikuwa na jambo baya la kuficha. Alifanya hivyo kwa sababu kulikuwa na naibu wake aliyekuwa hodari wa kutoka kikaoni na kusimulia kwamba mawazo yote mazuri yalikuwa yake.

Sasa mtazameni Nixon na Kissinger, mshauri wake wa usalama wa taifa. Mwishoni mwa 1972 Vietnam ilikuwa ikitafutiwa suluhu, na safari ya China ilikuwa imekwisha kumletea sifa Februari mwaka ule ule. Nixon alijua kwamba siku moja Kissinger ataandika vitabu. Alitaka ushahidi wa nani alisema nini kwanza. Kissinger hakujua kama anarekodiwa. Ehrlichman, mshauri wake wa mambo ya ndani, naye hakujua. Waliojua walikuwa Haldeman, msaidizi wake Higby, Alexander Butterfield, msaidizi mwingine wa Ikulu, na mafundi. Kwa hiyo, Kijana wa Lumumba, hakulewa ushindi. Mashine iliwekwa karibu miaka miwili kabla ya ushindi.

#8 Kijana wa Lumumba

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeelewa kuhusu mashine, lakini ulevi wa ushindi nitaendelea kuutetea. Kuwa na mashine ni jambo moja, kusema mbele yake kwamba utawashughulikia wabaya wako ni jambo lingine.

#9 Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba. Mashine ikikaa ofisini miezi sita huwa samani. Hata mimi nyuma ya pazia nilisahaulika, na niliyoyasikia humo sitayasema hapa.

#10 Mbeba Boksi

Nawasalimu kutoka California. Nimeishi mwendo mfupi wa gari kutoka Yorba Linda, mji aliozaliwa Nixon na yalipo maktaba na kaburi lake, na nimeingia humo mara kadhaa.

Bi Mkubwa amegusa sababu moja, lakini kuna mbili nyingine. Ya kwanza ni Johnson. Marais kabla ya Nixon walirekodi pia. Roosevelt alijaribu kwa muda mfupi mwaka 1940, Kennedy alirekodi vikao kuanzia 1962, na Johnson ameacha mamia ya saa za mazungumzo ya simu. Nixon alipoingia mwaka 1969 aliamuru mitambo ya Johnson ing'olewe. Baadaye Johnson, aliyekuwa akiandika kumbukumbu zake, alimpelekea ujumbe kwamba kanda zilikuwa zikimfaa mno kwa kazi hiyo na kwamba Nixon alifanya ujinga kuing'oa mitambo. Nixon akabadili mawazo.

Ya pili ni fedha, na wachache huisema. Viongozi wa Marekani walizoea kutoa hati zao kwa hifadhi ya taifa na kupunguziwa kodi kwa thamani ya hati hizo. Nixon mwenyewe alidai punguzo la dola 576,000 kwa hati za enzi zake za umakamu wa rais, na ikabainika kwamba karatasi ya kuzikabidhi ilirudishwa nyuma tarehe ili iwahi kabla sheria haijabadilika mwaka 1969. Mtu mwenye hesabu za namna hiyo anajua kabisa kwamba saa 3,700 za sauti ya rais ni mali.

#11 Wakili Msomi

Mbeba Boksi yuko sahihi kuhusu mali, ingawa punguzo la kodi lenyewe lilikuwa limekwisha kufutwa wakati mashine zinafungwa, kwa hiyo labda aliona faida ya vitabu na si ya kodi. Jambo la msingi kisheria ni kwamba mpaka wakati ule hati za rais zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi. Kongresi ilitunga sheria mahsusi Desemba 1974 kuzizuia kanda na hati za Nixon zisiondoke mikononi mwa serikali, na mwaka 1978 ikatunga sheria ya jumla kwa marais waliofuata. Nixon aliposema mbele ya mashine, aliamini kwamba anazungumza ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake anao peke yake.

#12 Nyundo ya Kisumu

Hamjambo nyote. Nimesoma kuanzia juu na ninaona kwamba mnaamini maneno ya kanda kupita kiasi. Sisi wa upande huu tumewasikia wanasiasa wakitisha watu faraghani miaka nenda miaka rudi, na siku inayofuata wanakula nao.

Chukueni kikao kile kile cha 15 Septemba. Kabla yake, orodha ya wapinzani ilikuwa imepelekwa kwa kamishna wa mamlaka ya kodi ili wachunguzwe. Kamishna akamwendea bosi wake, George Shultz, waziri wa fedha, na Shultz akamwambia asifanye lolote. Kamishna akaifungia orodha kwenye kasha. Nixon anasikika akifoka kwamba Shultz hakuwekwa pale kwa sababu ya macho yake mazuri ya buluu, na kwamba akileta ubishi itabidi atupwe nje. Je, alitupwa? La hasha. Katika muhula wa pili Shultz alibaki na wizara yake, tena akaongezewa cheo cha msaidizi wa rais kwa uchumi wote. Aliyekaidi amri akapandishwa. Huo ndio mpango mnaouogopa? Haldeman naye alijulikana kwa kuzikalia amri za hasira mpaka bosi apoe.

#13 Mtunza Jalada

Nyundo, mfano wa Shultz ni mzuri na unaniumiza, lakini hauwezi kubeba kila kitu. Tarehe 20 Novemba 1972 Richard Helms, mkurugenzi wa CIA, aliitwa Camp David akidhani anakwenda kujadili bajeti, akaambiwa kwamba damu mpya inahitajika, na akaondoka akiwa balozi mteule wa Iran. Huyo ndiye mtu ambaye shirika lake lilikataa kuendelea kuubeba mzigo wa Watergate. Kuhusu leseni za televisheni, mwanzoni mwa 1973 leseni za vituo vya Washington Post huko Florida zilipingwa rasmi, na miongoni mwa waliopinga walikuwamo watu wa karibu na Nixon. Gazeti halikupoteza vituo, lakini lilitumia fedha na muda kujitetea. Maneno ya Septemba yalipata miguu.

Halafu kuna mpango wenyewe. Tarehe 5 Januari 1973 ilitangazwa kwamba mawaziri watatu, Butz wa kilimo, Weinberger aliyekuwa akihamia afya na elimu, na Lynn wa nyumba, watakuwa pia washauri wa rais wenye mamlaka juu ya mawaziri wenzao. Mawaziri wengine wangepitia kwao ili kumfikia rais. Tarehe 14 Desemba, wakati hayo yakipikwa, anasikika akimwambia Kissinger kwamba vyombo vya habari ni adui, wenye nchi ni adui, maprofesa ni adui, na kwamba aandike hivyo ubaoni mara mia. Hayo ni mawazo ya mtu anayejenga ngome.

#14 Nyundo ya Kisumu

Ngome gani iliyobomoka ndani ya miezi minne? Haldeman na Ehrlichman walijiuzulu tarehe 30 Aprili 1973, na mfumo wa mawaziri wakubwa ukafa nao. Na kumtaja Helms hakukusaidii. Yeye aliamini aliondolewa kwa sababu ya Watergate, lakini Nixon alikuwa akiishuku CIA tangu aliposhindwa na Kennedy mwaka 1960, na angemwondoa hata kama Watergate isingetokea.

#15 Mzee wa Kikao

Waungwana, wote mnatazama ndani ya ofisi ile moja. Niliwahi kuwa katibu wa chama ngazi ya wilaya, na nitawaambia tulichokiona sisi wa chini kila mara mkubwa anapopanga ngwe yake ya mwisho: huwasahau waliombeba. Nixon alishinda kwa asilimia 60.7 ya kura, lakini chama chake cha Republican kilipoteza viti viwili vya Seneti siku ile ile, na Democratic wakabaki na wingi katika mabaraza yote mawili. Wabunge wake walinung'unika kwamba alijifanyia kampeni mwenyewe kwa fedha zake na kamati yake. Asubuhi ya pili akawataka mawaziri wote wajiuzulu. Kisha akaanza kuzuia fedha ambazo Kongresi ilikuwa imeziidhinisha, jambo lililowaudhi hata wa chama chake. Mwishoni mwa Desemba akaipiga Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini, kwa mabomu bila kuwaeleza.

Wakili Msomi anauliza ni mbunge gani aliyebadilika kwa sababu ya Camp David. Swali lake limegeuzwa kichwa chini. Ulizeni ni wabunge wangapi waliokuwa na sababu ya kumtetea. Tarehe 7 Februari 1973 Seneti iliunda kamati ya kuchunguza Watergate kwa kura 77 bila kupingwa. Bila kupingwa, ndugu zangu, wakati kura za maoni zilimpa Nixon takriban asilimia 67 ya kukubalika. Maseneta wa chama chake walikuwa wapi?

#16 Wakili Msomi

Hapo Mzee umenibana kidogo, ingawa si sana. Kupigia kura uchunguzi ni rahisi kwa sababu kuupinga kunamfanya mtu aonekane mficha wezi. Na ukitaka kujua kwa nini ile asilimia 67 ilishuka hadi 24 katikati ya 1974, usisahau bei za vyakula na nyama mwaka 1973, wala marufuku ya mafuta ya Waarabu kuanzia Oktoba mwaka ule. Mwananchi aliyepanga foleni ya petroli hakuwa akiwaza habari za Butz na Weinberger.

#17 Kijana wa Lumumba

Wakuu, mbona hakuna aliyeitaja Tanzania? Nixon huyu huyu alirekodiwa akizungumza na Reagan kwa simu, na ujumbe wetu katika Umoja wa Mataifa ukatukanwa.

#18 Mbeba Boksi

Ni kweli, ingawa si ya kipindi anachokijadili mleta uzi. Ni ya tarehe 26 Oktoba 1971, siku moja baada ya Baraza Kuu kuipa Jamhuri ya Watu wa China kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, huku nchi 17 zikijizuia. Wajumbe wa Tanzania, wakiongozwa na balozi Salim Ahmed Salim, walishangilia ukumbini. Reagan, wakati huo gavana wa California, alimpigia Nixon simu na kuwaita wajumbe wa Afrika nyani wasiozoea viatu, na Nixon akacheka.

Ninaileta kwenye mada kwa sababu hii: kanda hiyo ilipotolewa mwaka 2000, sehemu ya matusi ilikatwa kwa kisingizio cha faragha ya Reagan. Ilitolewa kamili mwaka 2019, baada ya mwanahistoria aliyewahi kuiongoza maktaba ya Nixon kuomba iangaliwe upya. Kanda za Novemba na Desemba 1972 nazo zilitoka Desemba 2008, na fungu la mwisho likatoka Agosti 2013, lakini mamia ya saa bado yamezuiliwa kwa sababu za usalama wa taifa au faragha. Kwa hiyo tunaposema kwamba kanda zinaonyesha mpango fulani, tunasema hivyo juu ya yale tuliyoruhusiwa kuyasikia.

#19 Kijana wa Lumumba

Na mwaka 1981 Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ya huyo huyo Reagan ikamwekea kura ya turufu. Mimi siamini kwamba hayo mawili hayana uhusiano.

#20 Mzee wa Kikao

Yanaweza kuwa na uhusiano, lakini mwaka 1981 kulikuwa pia na siasa za Vita Baridi, msimamo wa Tanzania juu ya Kusini mwa Afrika, na China iliyokuwa ikimzuia Waldheim, katibu mkuu wa wakati huo, kwa turufu yake. Lifungulie uzi wake, nitakuja.

#21 Fundi Kanda

Turudi kwa swali ambalo mimi linaninyima raha: kwa nini hakuziteketeza? Butterfield alitoboa siri hadharani mbele ya kamati ya Seneti tarehe 16 Julai 1973. Hati ya wito ya kuzidai ilitolewa tarehe 23 Julai. Katikati kulikuwa na wiki nzima. Kwa nyenzo ile, sumaku moja kubwa ya kufutia na siku chache za kazi zingetosha.

#22 Wakili Msomi

Alikuwa hospitalini Bethesda, anaugua nimonia, na wanasheria wake walikuwa wamegawanyika. Buzhardt aliona zinaweza kuharibiwa kwa kuwa bado hakukuwa na hati ya wito. Garment alisema kwamba kufanya hivyo ni kuzuia haki kutendeka, kwa sababu kila mtu alijua kwamba hati inakuja. Nixon akaamini kinga ya urais itamlinda. Hiyo ndiyo sababu ya kisheria. Sababu ya kibinadamu ni kwamba aliamini kanda zitamtetea dhidi ya Dean, aliyekuwa akitoa ushahidi kwa kukumbuka tu.

Mlinganisheni na Helms. Kabla ya kuondoka CIA, Januari 1973, aliamuru mazungumzo yaliyorekodiwa ofisini kwake yaharibiwe, ingawa kiongozi wa wengi wa Seneti alikuwa ameomba ushahidi wowote wa Watergate utunzwe. Helms alipata shida zake baadaye, lakini si kwa kanda.

#23 Mtunza Jalada

Ninaongeza kwamba wazo la kuziondoa lilikuwapo mapema. Aprili 1973 anasikika, kwenye kanda hizo hizo, akimwambia Haldeman kwamba afadhali zipungue, zibaki zile muhimu tu za mambo ya nchi za nje. Haldeman hakuwa na hamu, na mwisho wa mwezi alikuwa ameondoka.

Na kuna jambo ambalo ningependa Wakili Msomi alijibu. Butterfield alikuwa ndani ya Ikulu mpaka mageuzi ya ngwe ya pili yalipomhamishia mamlaka ya usafiri wa anga, alikoanza kazi Machi 1973. Elliot Richardson naye alihamishwa na mageuzi hayo hayo kutoka wizara ya afya kwenda ulinzi, na baada ya anguko la Aprili akasukumwa kuwa Mwanasheria Mkuu, ndiye aliyemteua Archibald Cox kuwa mwendesha mashtaka maalumu wa Watergate, na ndiye aliyejiuzulu tarehe 20 Oktoba 1973 kuliko kumfukuza Cox. Yaani mtu aliyeitoa siri na mtu aliyeilinda kesi wote walipangwa na mkono wa Camp David. Bado unasema kwamba mpango ule haukuhusika?

#24 Wakili Msomi

Ninasema kwamba huo ni mtiririko wa matukio na si sababu. Butterfield angeitwa na kamati hata kama angebaki Ikulu, na alisema mwenyewe kwamba hangedanganya akiulizwa moja kwa moja.

#25 Bi Mkubwa wa Tanga

Kabla hamjafika mbali, nina neno kuhusu dakika kumi na nane na nusu za kanda ya 20 Juni 1972 zilizofutika, kwa sababu lawama alibebeshwa mwenzangu wa kazi. Rose Mary Woods, katibu muhtasi wa Nixon, alisema kwamba, alipokuwa akinakili kwa mashine ya Uher, simu ililia, akabonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya huku mguu wake ukibaki kwenye pedali. Walimpiga picha akijinyoosha kutoka pedali hadi kwenye simu, na Marekani nzima ikacheka. Mimi nimenakili kwa pedali miaka yote ya kazi. Mguu huondoka wenyewe ukinyoosha mkono namna ile. Na yeye alikiri kama dakika tano tu. Zile nyingine ni za nani?

#26 Fundi Kanda

Jopo la wataalamu sita waliloliafiki Ikulu na mwendesha mashtaka lilisema Januari 1974 kwamba kulikuwa na ufutaji usiopungua mara tano, kwa kubonyeza kwa mkono. Pedali haiachi alama za aina ile. Kwa hiyo, Bi Mkubwa, kazi hiyo yote haiwezi kuwa ya bahati mbaya ya mwenzako, lakini mtu fulani alikaa mbele ya mashine akarudi nyuma na kufuta, akarudi tena na kufuta.

#27 Nyundo ya Kisumu

Pengine alikuwa Nixon mwenyewe, na ndiyo maana ilimchukua mara tano. Fundi amesema hakuwa na mkono mwepesi.

#28 Mzee wa Kikao

Nyundo, umecheka lakini umejipinga. Ulituambia kwamba maneno ya kandani yalikuwa hasira za kupita. Mtu hafuti hasira za kupita mara tano.

#29 Nyundo ya Kisumu

Mzee, kilichofutwa ni kikao cha siku tatu baada ya wavamizi kukamatwa, miezi mitano kabla ya uchaguzi. Kinahusu kuficha kosa, na hapo niko upande wa Wakili Msomi. Mipango ya muhula wa pili hakuna aliyejisumbua kuifuta, kwa sababu hakuna aliyeiona kuwa kosa. Mtunza Jalada atueleze hilo.

#30 Mtunza Jalada

Nitalijibu kwa kirefu nikimaliza kusikiliza Januari 1973. Kwa sasa niseme tu kwamba kutoiona kuwa kosa ndiko kunakonitisha zaidi. Je, kuna yeyote mwenye maandishi ya mkono ya Haldeman ya Camp David, ya Novemba 1972? Kanda peke yake hazitoshi kwa wiki zile, na ninahitaji kuyalinganisha.

#31 Mbeba Boksi

Shajara yake ilichapishwa mwaka 1994, lakini kitabuni imepunguzwa. Maandishi yenyewe yapo maktaba. Nitauliza kama yanapatikana kwa mtandao, nirudi hapa.